Umefuta mafaili kwa bahati mbaya kwenye Linux? Mwongozo kamili wa kuyarudisha

Mwezi wa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, mama mmoja aliingia pale ninapofanyia kazi hapa Mtwara mjini akiwa amekumbatia laptopu aliyoizungushia kanga. Alikuwa ametoka Tandahimba na basi la alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuketi, akaiweka mezani akasema, "Mwanangu, nimefuta msimu mzima."

Ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Ndani ya folda moja alikuwa na majedwali matatu: orodha ya wakulima, kilo za kila mmoja kwa kila mnada, na makato. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa anapunguza vitu kwenye diski iliyojaa, akateua folda, akabonyeza Shift na Delete, akakubali alipoulizwa. Alipotambua ni folda gani, ilikwisha toweka.

"Baada ya hapo ulifanya nini, mama?"

"Nilifunga kifuniko. Niliogopa hata kuigusa."

Hofu ile ndiyo iliyookoa kazi yake. Wiki chache nyuma alikuja kijana mpiga picha wa harusi kutoka Mikindani. Yeye alikesha. Alipofuta picha alipakua programu tatu za kurudisha mafaili, akazisakinisha kwenye diski ileile, akazijaribu moja baada ya nyingine, na kila zilichopata akakihifadhi humohumo. Tulizirudisha picha chache nzima. Nyingine nyingi zilirudi nusu: unaona utaji wa bibi harusi, paji la uso, macho, halafu kuanzia puani kushuka chini ni kijivu kitupu. Kijivu kile ndipo programu alizopakua zilipoketi.

Kwa hiyo kabla ya amri yoyote, shika hili: faili lililofutwa mara nyingi bado lipo, na kinachoweza kuliua ni kile utakachofanya wewe kuanzia dakika hii. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kuanzia zile zisizoweza kudhuru kitu hadi zile nzito. Usiruke.

Kinachotokea faili linapofutwa

Fikiria ghala la korosho. Magunia yamepangwa ndani, na mlangoni mtunza ghala ana daftari linaloonyesha mzigo wa nani uko safu ipi. Kufuta faili ni kukata mstari kwenye daftari. Magunia hayajaguswa. Ila kwa mujibu wa daftari safu ile sasa ni tupu, na lori litakalofuata litashusha mzigo wake palepale.

Kwenye Linux daftari hilo lina sehemu mbili. Kuna jina, linalokaa kwenye folda, na kuna kadi ya faili iitwayo inodi, inayotunza ukubwa, tarehe, mwenye faili, na mahali vipande vyake vilipo kwenye diski. Amri ya `rm` huondoa jina. Inodi ikibaki haina jina lolote, wala hakuna programu inayolishikilia lile faili, mfumo hutangaza kuwa nafasi yake iko wazi. Kwenye ext4, ambao ndio mfumo wa faili wa kawaida wa Ubuntu, Mint na Debian, inodi nayo hufutwa ramani ya vipande. Ndiyo maana kurudisha faili pamoja na jina lake ni kazi ngumu kwenye ext4 kuliko kwenye flashi ya FAT32.

Na hiyo nafasi iliyo wazi inaandikwa hata wewe ukiwa umekaa kimya. Kivinjari kinahifadhi kurasa, mfumo unaandika kumbukumbu zake, masasisho yanajipakua. Kila dakika ya kompyuta kuwaka ni lori mlangoni.

Hatua ya kwanza: toa mkono, kisha ujue una diski gani

Usipakue kitu. Usisakinishe programu mpya. Usiwashe upya kompyuta kwa matumaini kwamba faili litajitokeza. Zima Wi-Fi ili masasisho yasimame. Usifunge programu zilizokuwa wazi, hasa iliyokuwa imefungua faili lenyewe. Nitaeleza sababu hivi punde.

Kisha fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uangalie aina ya diski:

`lsblk -d -o NAME,ROTA,SIZE,MODEL`

Safu ya ROTA ikiwa na 1, hiyo ni diski ya kuzunguka, na una muda. Ikiwa na 0, kwa kawaida ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na hapo mambo ni ya haraka zaidi. SSD hupewa taarifa iitwayo TRIM, yaani mfumo unaiambia diski vipande vipi havina mwenyewe, nayo diski inaviosha kabisa. Kikishaoshwa hakuna programu ya kukirudisha, hata ungelipa fedha kiasi gani. Ubuntu na Mint hufanya hivyo mara moja kwa wiki kupitia kipima saa kiitwacho fstrim. Kizuie mara moja:

`sudo systemctl stop fstrim.timer`

Hapa pana mtego ambao watu wengi hawaujui. Kipima saa hiki kina kumbukumbu: kama kompyuta ilikuwa imezimwa siku ya zamu yake, kinafanya kazi hiyo muda mfupi baada ya kuwashwa. Mtu anafuta faili Jumamosi, anazima, anakuja kwa fundi Jumanne, fundi anaiwasha kawaida ili "aangalie tatizo", na tumaini linaoshwa mbele ya macho yao. Kompyuta yenye SSD ikishazimwa, isiwashwe tena kwa mfumo wake yenyewe. Iwashwe kwa flashi, kama nitakavyoonyesha kwenye hatua ya nne.

Angalia pia `findmnt -o TARGET,OPTIONS /`. Ukiona neno `discard` kwenye SSD, TRIM hufanyika papo hapo kila faili linapofutwa, na nitakuwa nakudanganya nikikupa matumaini makubwa. Hapo tumia nguvu zako kwenye hatua ya pili na ya tatu.

Hatua ya pili: tafuta pasipohitaji ufundi

Fungua kapu la taka. Ukibonyeza Delete bila Shift, faili huhamia kwenye folda iliyofichwa:

`ls -la ~/.local/share/Trash/files`

Kando yake kuna folda ya `info`, ambamo kila faili lina kikaratasi chake kinachoonyesha lilitoka wapi na lilifutwa lini. Kama faili lilikuwa kwenye flashi au diski ya nje, kapu lake liko humohumo kwenye flashi, kwa jina kama `.Trash-1000`. Bonyeza Ctrl+H kwenye dirisha la mafaili ili vilivyofichwa vionekane. Nimeshaona watu wakihangaika kutwa nzima na faili likawa limelala hapo.

Halafu jiulize faili hilo ulishawahi kumtumia nani. Mwenyekiti kwa WhatsApp? Ofisi ya wilaya kwa barua pepe? Lilichapishwa steshenari, likabaki kwenye kompyuta yao? Nakala ya wiki iliyopita iliyo nzima ni bora kuliko nakala ya jana iliyorudi na matundu. Kwa hati za LibreOffice angalia pia `~/.config/libreoffice/4/user/backup`. Fanya upekuzi wa WhatsApp na barua pepe kwa simu, hiyo kompyuta iache itulie.

Hatua ya tatu: je, kuna programu bado inalishikilia?

Hii ni hatua ninayoipenda kuliko zote, maana ikikubali unapata faili zima, lenye ubora wake wote, kwa amri moja. Linux haiachii nafasi ya faili mpaka programu ya mwisho iliyolifungua ilifunge. Jina limekwenda, faili bado li hai.

`sudo lsof +L1`

Amri hii huorodhesha mafaili yaliyofunguliwa lakini hayana jina tena. Ikiwa `lsof` haipo kwenye mashine yako usiisakinishe sasa. Tumia hii badala yake:

`sudo ls -l /proc/*/fd 2>/dev/null | grep deleted`

Tuseme ulikuwa unatazama video ya harusi kwa VLC, ukaifuta huku inacheza. Kwenye orodha ya `lsof` utaona mstari wa VLC wenye PID, yaani namba ya utambulisho wa programu, tuseme 4312, na kwenye safu ya FD kitu kama 14r. Chomeka flashi, kisha nakili:

`sudo cp /proc/4312/fd/14 /media/asha/FLASHI/harusi.mp4`

Herufi iliyo baada ya 14 huiandiki. Usisitishe video wala kuifunga programu mpaka nakala iishe na uifungue uione.

Programu za ofisi ni tofauti kidogo, maana LibreOffice hubeba hati nzima kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kama dirisha bado liko wazi, nenda kwenye menyu ya faili, chagua kuhifadhi kwa jina lingine, na uhifadhi kwenye flashi. Laptopu ya yule mama ilikuwa imelala tu tangu alipofunga kifuniko, betri haijaisha. Nilipoifungua, jedwali la kilo lilikuwa mbele yetu, wazi, mstari wa mwisho ukiwa na mkulima aliyemwandika jana yake jioni. Nililihifadhi kwenye flashi kabla hata hajaketi. Yalibaki mawili.

Hatua ya nne: itenge diski

Kama faili lilikuwa kwenye flashi, kadi ya kamera au diski ya nje, kazi ni nyepesi: iondoe kwa `sudo umount /dev/sdb1` (weka jina la kwako) na usiifungue tena. Kama `/home`, folda yako ya nyumbani, ina partisheni yake, yaani sehemu yake iliyotengwa kwenye diski, jaribu kuifanya ya kusoma tu:

`sudo mount -o remount,ro /home`

Mara nyingi itakataa ikisema inatumika. Hapo, na pia kama kila kitu kiko kwenye partisheni moja, zima kompyuta na uiwashe kwa flashi yenye Linux inayojitegemea.

Flashi hiyo iandae kwenye kompyuta nyingine. Ukiwa na intaneti nzuri, Mint au Ubuntu inatosha. Kama unakwenda kumsaidia mtu Newala au Liwale na hujui utakuta mtandao gani, beba SystemRescue, Linux ya uokoaji, maana zana kuu za mwongozo huu zimo tayari. Kuandika picha ya mfumo kwenye flashi:

`sudo dd if=systemrescue.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Hiyo `sdX` ibadilishe kwa jina la flashi yako, na uhakikishe mara mbili kwa `lsblk`, kwa sababu amri hii inafuta chochote kilicho mbele yake bila kuuliza. Washa kompyuta ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Chagua kujaribu mfumo. Usichague kusakinisha.

Kwenye Mint au Ubuntu ongeza zana hizi. Zitakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hazitagusa diski:

`sudo apt update`

`sudo apt install testdisk gddrescue`

Ubuntu ikidai haizifahamu, tanguliza `sudo add-apt-repository universe`.

Na usibofye alama ya diski ya ndani inayoonekana kwenye dirisha la mafaili. Kuifungua tu kunaiandika: ext4 hupitisha kwanza daftari lake la mabadiliko, hata ukiifungua kwa kusoma tu.

Hatua ya tano: piga nakala ya diski nzima

Majaribio yote yafanyike kwenye nakala. Ukikosea, unarudi mwanzo. Utahitaji diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko partisheni unayoinakili. Isiwe ya FAT32, kwa sababu FAT32 haikubali faili moja kufika GB 4. Iwe ext4 au exFAT.

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MODEL`

Andika kwenye karatasi ipi ni chanzo na ipi ni mapokeo. Ndiyo, kwenye karatasi. Kisha:

`sudo ddrescue -n /dev/sda2 /media/mint/AKIBA/diski.img /media/mint/AKIBA/diski.map`

Chanzo kinatangulia, mapokeo yanafuata. Lile faili la mwisho lenye `.map` ndilo linalonifanya nichague `ddrescue` badala ya `dd`. Linaweka alama ya kila kipande kilichokwisha nakiliwa. Umeme ukikatika katikati, na sisi wa kusini tunaujua umeme wetu, unarudia amri ileile herufi kwa herufi nayo inaendelea pale ilipoishia. Diski ya GB 500 kupitia tundu la zamani la USB 2, kwa kasi ya MB 30 hivi kwa sekunde, itachukua saa nne na nusu au zaidi. Tumia tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, kama lipo.

Kama diski ina sehemu mbovu, ukimaliza mzunguko wa kwanza rudia kwa `-d -r3` badala ya `-n` ili ijaribu sehemu hizo mara tatu. Diski ikitoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, izime. Hiyo imeumia kwa ndani, na kila mzunguko unaharibu zaidi. Hapo anahitajika mtu mwenye vifaa vya kuifungua.

Huna diski kubwa ya kutosha? Zana zinazofuata zinasoma tu, kwa hiyo unaweza kuziendesha juu ya diski yenyewe, mradi matokeo yaende kwenye diski nyingine. Mimi hufanya hivyo pale tu diski inapokuwa na afya.

Partisheni iliyofungwa kwa nenosiri la LUKS ifungue kwanza kwa `sudo cryptsetup open /dev/sda3 siri`, halafu ufanyie kazi `/dev/mapper/siri`. Nakala ya partisheni ikiwa bado imefungwa ni herufi zisizo na maana, hakuna zana itakayoona kitu.

Hatua ya sita: flashi na kadi za kamera

Kwa FAT32, exFAT na NTFS anza na TestDisk, maana huko majina ya mafaili mara nyingi yanapona. Mwandishi wake ni Mfaransa Christophe Grenier, ndiye pia aliyeandika PhotoRec nitakayoieleza, na zote mbili ni bure.

`sudo testdisk kadi.img`

Chagua Proceed, kisha aina ya jedwali la partisheni. Kama ulinakili flashi nzima, mara nyingi ni Intel. Kama ni partisheni moja tu, chagua None. Ingia Advanced, weka kishale kwenye partisheni, chagua Undelete. Mafaili yaliyofutwa yatajipanga mbele yako. Shuka kwa mishale, bonyeza nuktapacha kuweka alama kwenye kila unalolitaka, kisha C kubwa kuyanakili. Programu itakuuliza yaende wapi: tembea mpaka folda iliyo kwenye diski nyingine, bonyeza C tena. Jina likikosa herufi ya kwanza usishtuke, FAT huigeuza herufi hiyo kuwa alama ya kufutwa.

Hatua ya saba: ext4, na kazi ya PhotoRec

Kuna programu iitwayo extundelete inayojaribu kusoma daftari la mabadiliko la ext4 na kurudisha mafaili kwa majina yake. Ijaribu kwenye nakala, haikugharimu kitu:

`sudo extundelete diski.img --restore-all`

Vitakavyopatikana vitaingia kwenye folda ya RECOVERED_FILES. Ila ni programu ya zamani, na kwenye ext4 zilizoundwa na matoleo mapya ya Linux mara nyingi inakataa kabisa au inarudi mikono mitupu. Siku hizi naipa dakika kumi, basi.

PhotoRec ndiyo inayofanya kazi. Haijali daftari. Inapita ghala zima gunia kwa gunia, ikiangalia mwanzo wa kila kipande. Kila aina ya faili ina sahihi yake: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na %PDF, na hati za Word na LibreOffice, ambazo kwa ndani ni mafurushi ya zip, huanza na herufi PK. PhotoRec ikiona sahihi hiyo inaanza kukata hapo mpaka faili liishe. Ndiyo maana majina hayarudi, wala folda. Na faili lililotawanyika vipande vipande, kama video ndefu, linaweza kurudi limevunjika.

Simama kwenye folda iliyo kwenye diski ya nje, kisha:

`sudo photorec diski.img`

Chagua nakala, Proceed, halafu partisheni. Kabla ya kutafuta, ingia File Opt. Bonyeza s ili kuondoa alama zote, kisha weka alama kwa kitufe cha nafasi kwenye aina unazozitaka pekee, na ubonyeze b kuhifadhi. Usiipite hatua hii. Ukiacha aina zote, utarudishiwa maelfu ya vijipicha vya kivinjari na mafaili ya mfumo, na lako litazama humo. Kwa majedwali ya yule mama niliweka alama kwenye zip pekee, kwa sababu ods na xlsx zimo ndani ya kundi hilo.

Rudi, chagua Search, kisha aina ya mfumo wa faili: ext2/ext3 kwa ext4 pia, Other kwa mingine. Utaulizwa Free au Whole. Free hupekua nafasi zilizo wazi tu, na kwa faili lililofutwa juzi ndiyo ya kuanzia. Whole hupekua kila mahali, ni ya mfumo ulioharibika. Chagua pa kuhifadhia, bonyeza C, kisha uache. PhotoRec nayo hutunza alama ya ilipofika kwenye faili liitwalo `photorec.ses`, hivyo umeme ukikatika itakuuliza kama iendelee.

Anayetumia Fedora mara nyingi yuko kwenye btrfs. Huko angalia kwanza kama kuna picha za nyuma za mfumo, yaani snapshoti, kwa `sudo btrfs subvolume list -s` ikifuatiwa na mahali partisheni ilipofunguliwa.

Na kwa maandishi matupu, shairi, barua, msimbo wa programu, kuna njia ya mkato. Kama unakumbuka maneno yaliyokuwemo, yatafute kwenye nakala moja kwa moja:

`grep -a -B 50 -A 200 "Yah: Maombi ya pembejeo" diski.img > /media/mint/AKIBA/nimepata.txt`

Chagua maneno yasiyo ya kawaida. Ukitafuta "Ndugu" utaletewa bahari.

Hatua ya nane: kuchambua kilichorudi

Matokeo yako kwenye folda za recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, mafaili 500 kila moja, kwa majina kama f1835021.ods. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kumbe kazi imekwisha nusu. Kwanza yafanye yako:

`sudo chown -R $USER recup_dir.*`

Kwa picha, tenga zile kubwa, maana picha ya kamera haiwi na KB 20:

`mkdir picha`

`find recup_dir.* -name '*.jpg' -size +500k -exec mv -t picha {} +`

Ukiwa na exiftool unaweza kuzipa majina kwa tarehe iliyopigwa, ambayo kamera huiandika ndani ya picha yenyewe:

`exiftool -d '%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e' '-FileName<DateTimeOriginal' picha`

Picha za harusi mbili zilizochanganyika zinajitenga zenyewe kwa siku.

Kwa majedwali, usifungue moja moja. Faili la ods ni furushi, na maandishi yake yako ndani kwenye content.xml. Niliandika hivi, nikiwa na jina la kijiji ambalo mama alinitajia kuwa limo kwenye kila jedwali lake:

`for f in recup_dir.*/*.ods; do unzip -p "$f" content.xml 2>/dev/null | grep -q "Mahuta" && echo "$f"; done`

Kwa xlsx badilisha mwisho wa jina, na badala ya content.xml weka `xl/sharedStrings.xml`. Yalijitokeza mafaili saba. Matano yalikuwa matoleo ya nyuma ya orodha ya wakulima, maana LibreOffice kila unapohifadhi huandika faili jipya na la zamani huachwa diskini. Tulichukua lile lenye majina mengi zaidi. Mawili yalikuwa ya makato: moja la mwezi wa kumi, zima, la pili, lililokuwa jipya zaidi, lilikataa kufunguka. Tulijaribu `zip -FF` kulitengeneza, likatoa kurasa tupu.

Mama aliinamia skrini, akasoma majina polepole akifuata kwa kidole, kana kwamba anaita mahudhurio. Alipofika mwisho alivua kanga begani, akaketi kwa mara ya kwanza tangu aingie. Makato ya Novemba aliyaandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, siku mbili.

Kabla hujairudisha kompyuta kazini

Fungua kila faili ulilolipata, lisome mpaka mwisho, liweke sehemu mbili tofauti. Nakala ya diski usiifute kwa mwezi mzima. Mtu hukumbuka faili lingine baada ya wiki mbili. Hapo tu ndipo diski ya ndani iruhusiwe kuandikwa tena.

Kwa wanaotumia terminali, sakinisha trash-cli, uzoee `trash-put` mahali pa `rm`. Kwenye `~/.bashrc` ongeza `alias rm='rm -I'`, itakuuliza unapofuta mafaili zaidi ya matatu au folda nzima. Timeshift inayokuja na Mint isikupe usingizi wa bure: kwa kawaida inatunza mfumo, folda yako ya nyumbani haimo.

Yule mama nilimwekea diski ndogo ya nje na amri hii, ambayo anaiendesha kwa kubofya alama moja kila jioni baada ya mnada:

`rsync -a --delete --backup --backup-dir=/media/mama/AKIBA/zamani-$(date +%F) ~/Kazi/ /media/mama/AKIBA/Kazi/`

Bila ile sehemu ya `--backup`, `--delete` ingefuta kwenye akiba chochote alichokifuta kwenye kompyuta, na akiba isingekuwa akiba. Ikiwemo, faili lililofutwa huhamia kwenye folda yenye tarehe ya siku hiyo. Diski anaitunza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, mbali na vumbi la ghala. Kabla hajapanda basi la kurudi nilimwomba afute faili moja la majaribio, aendeshe amri, alitafute kwenye folda ya tarehe na kulirudisha mwenyewe. Alirudia mara tatu mbele yangu, mara ya tatu bila kuniuliza.